Moto wa Shinkolobwe: Je, Kilichoua Chaweza Kuponya?

Katika kila kijiji moto hukaa na watu nyumba moja. Asubuhi huupika uji wa watoto. Jioni huwakusanya wazee barazani. Lakini moto huo huo, ukiachwa bila mlinzi wakati wa kiangazi, hula ghala la mwenye nyumba na shamba la jirani yake. Hata hivyo hapana mtu mwenye akili aliyepata kusema, "Moto ni mwovu, basi uzimwe duniani pote." Watu huuliza maneno mengine: Ni nani aliyeuwasha? Aliuwasha kwa nia gani? Aliuwasha kwa kiasi gani? Tena, alipokwisha kuuwasha, je, aliulinda?

Maswali hayo manne yafaa kuwekwa moyoni, kwa maana katika nchi ya Katanga ya Juu umo moto mwingine, usioonekana kwa macho, usiotoa moshi wala harufu. Moto huo ulitoka katika jiwe. Umewaua watu wengi, na umewaponya watu wengi. Siku hizi moto wa namna hiyo huelekezwa katika vifua vya wagonjwa, ili kuchoma kansa ya mapafu ikiwa bado changa. Basi mtu wa dhamiri huuliza: Kilichoua, je, chaweza kuponya? Na mgonjwa, je, aweza kukipokea mwilini mwake bila kosa?

JIWE NA SAFARI YAKE

Karibu na mji wa Likasi, ulioitwa zamani Jadotville, pako mahali paitwapo Shinkolobwe. Mwaka 1915, Lubumbashi ilipokuwa bado ikiitwa Elisabethville, Mwingereza mmoja, Robert Sharp, aliyagundua mahali hapo mawe ya urani. Kampuni ya Union Minière iliyachimba mawe hayo, na tangu mwaka 1922 yalisafishwa katika kiwanda cha Olen, nchini Ubelgiji, ili kutoa kitu chenye thamani kupita dhahabu, yaani radiamu.

Radiamu iligunduliwa mjini Paris mwaka 1898 na Marie Curie pamoja na mumewe Pierre. Ni kitu kinachotoa mionzi mchana na usiku, bila kuwashwa na mtu. Tani kadhaa za mawe zilitoa gramu moja tu, haba kuliko chumvi ya kutia katika mchuzi. Waganga wa hospitali waliitia katika vijibomba vidogo na sindano, wakaiweka karibu na uvimbe wa kansa ili kuuchoma. Kwa miaka kadhaa baada ya mwaka 1922, sehemu kubwa ya radiamu iliyotumika katika hospitali za dunia ilitoka katika udongo wa Katanga. Wagonjwa wa nchi za mbali, wasiojua hata jina la Shinkolobwe, waliponywa kwa jiwe lake.

Lakini safari ya jiwe haikuishia hapo. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ile, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York, vita vikiwa vimekwisha kuwaka Ulaya. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la urani lilianguka juu ya mji wa Hiroshima, nchini Japani, na sehemu kubwa ya urani ya kazi ile ilikuwa imetoka Shinkolobwe. Yakadiriwa kwamba kabla ya mwaka ule kwisha watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa, wazee na watoto pamoja.

Tena jiwe lina madhara mengine, ya kimya kimya. Mawe ya urani hutoa hewa iitwayo radoni, isiyo na rangi wala harufu. Mtu akiivuta miaka mingi ndani ya shimo, huweza kuota kansa katika mapafu. Huko Schneeberg, nchini Ujerumani, waganga walieleza tangu mwaka 1879 kwamba wachimbaji walikuwa wakifa kwa uvimbe wa kifua. Hapana budi kusema kwamba tumbaku huwaua kwa kansa ya mapafu watu wengi zaidi kuliko radoni. Lakini mchimbaji avutaye sigara hubeba mizigo miwili juu ya kifua kimoja.

Basi jiwe moja, kazi tatu: liliteketeza mji, huotesha kansa kifuani mwa mchimbaji, tena liliwapa waganga silaha ya kuichoma kansa. Ni lipi kati ya hayo lililo tabia yake ya kweli?

SWALI LA KWANZA: JE, KILICHOUA CHAWEZA KUWA DAWA?

Mwaka 1901 mtaalamu Henri Becquerel alitia kijibomba cha radiamu katika mfuko wa kizibao chake. Baada ya siku kadhaa ngozi yake iliungua mahali pale pale. Wengine wangeitupa radiamu baharini. Lakini waganga walifikiri hivi: kama kitu hiki huunguza nyama nzima, je, hakitaunguza nyama mbaya nayo? Hivyo dawa ilizaliwa katika jeraha. Haikuzaliwa bila gharama: Marie Curie alikufa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu, baada ya kuishi miaka mingi karibu na mionzi.

Jibu la swali ni hili. Jiwe halina dhamiri. Halikuchagua Hiroshima, wala halikuchagua hospitali. Haliwezi kutenda dhambi, wala haliwezi kutenda wema. Dhamiri ni ya mtu anayelishika. Kwa hiyo si haki kulilaani jiwe ili kumwachilia aliyelitumia, kama vile si haki kulipiga panga kwa kosa la mkono.

Hata hivyo ni lazima kujihadhari na jibu la haraka. Wako watu wasemao, "Kila kitu ni kizuri, mradi nia ni nzuri." Neno hilo halitoshi. Mtu aweza kuwasha moto kwa nia njema ya kusafisha shamba, akauchoma mtaa mzima. Nia njema bila kipimo na bila ulinzi ni nia ya mtoto. Mwaka 1959 kinu cha nguvu za atomu, cha kwanza katika Afrika yote, kilianza kazi katika Chuo Kikuu cha Lovanium, mjini Kinshasa. Aliyekuwa mkuu wa chuo hicho ni Monsinyori Luc Gillon, padre na mtaalamu wa elimu ya atomu. Haikudhaniwa kwamba padre amejitia unajisi kwa kusimamia kinu kile. Kilitumika kwa masomo na utafiti. Lakini kilizungukwa na maji na kuta, na vipimo vilisomwa kila siku. Nia ilikuwa na mlinzi wake.

SWALI LA PILI: JE, NI HALALI KUUNGUZA ILI KUPONYA?

Hapa yafaa kueleza jinsi kazi yenyewe inavyotendeka. Mashine nyingi za siku hizi hazitumii tena radiamu. Nyingine hutumia kobalti iliyotiwa nguvu katika kinu cha atomu, kazi iliyoanza kuwaponya wagonjwa nchini Kanada mwaka 1951. Na kobalti ni madini ambayo Kongo huitoa zaidi ya nusu ya ile ichimbwayo duniani pote. Nyingine, nazo ndizo nyingi katika kazi ya kansa ya mapafu, hutengeneza mionzi kwa nguvu ya umeme. Njia ni mbalimbali, bali tabia ya mionzi ni ile ile: hupenya ngozi na mifupa, na ipitapo hudhuru chembe za mwili, zilizo nzima na zilizo mbovu.

Zamani taabu ilikuwa hiyo. Mionzi iliyotosha kuua kansa ya pafu ilidhuru pia pafu zima. Kwa hiyo waganga walitoa dozi ndogo ndogo kwa muda wa majuma sita au zaidi, na mara nyingi kansa ilishinda.

Nchini Sweden mganga Lars Leksell alitoa mwaka 1951 shauri la kuelekeza mionzi mingi dhaifu kutoka pande nyingi, yote ikutane mahali pamoja ndani ya ubongo. Mwaka 1991, mjini Stockholm, Ingmar Lax na Henric Blomgren walianza kuitumia hekima hiyo kwa sehemu nyingine za mwili, na mapafu miongoni mwao.

Mfano wake waonekana kijijini. Watu watoka vijiji kumi na viwili, kila mmoja kwa njia yake, waende sokoni. Juu ya kila njia amepita mtu mmoja tu. Majani yameinama, kisha yatainuka tena. Lakini pale sokoni, njia zote zinapokutana, nyayo zote zimekanyaga, na hapaoti jani hata moja. Ndivyo ilivyo mionzi hiyo. Kila mwali peke yake ni dhaifu, hupita katika nyama nzima na kuidhuru kidogo. Pale yote ikutanapo ndipo penye uvimbe, na hapo nguvu ni kubwa mno.

Lakini pafu halitulii kama ubongo. Mtu apumuapo, uvimbe hupanda na kushuka. Kwa hiyo kwanza wataalamu hupiga picha nyingi za kifua, hupima mwendo wa pumzi, kisha mashine huufuata mwendo huo, au mgonjwa huombwa azuie pumzi kwa nukta chache. Hulala kimya juu ya kitanda. Hakatwi kwa kisu, wala hasikii maumivu mionzi inapopita. Kwa kawaida huenda mara tatu, au tano, au nane hivi, na kazi yaweza kwisha kwa juma moja au mawili.

Matunda yake ni yapi? Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani walitoa habari za wagonjwa 55 wenye kansa changa ya mapafu, wasioweza kupasuliwa kwa udhaifu wa miili yao. Baada ya miaka mitatu, uvimbe uliochomwa ulikuwa umezuiliwa kwa karibu 98 katika kila 100. Lakini wagonjwa waliokuwa hai bado walikuwa 56 hivi katika kila 100, kwa kuwa wengi walikuwa na magonjwa mengine, na kwa wengine kansa ilitokea mahali pengine. Yafaa kutaja hesabu zote mbili pamoja. Atajaye ya kwanza tu huuza tumaini la uongo. Atajaye ya pili tu huiba tumaini la kweli.

Madhara nayo yako: uchovu, kikohozi, pengine pafu kuvimba na mbavu kuvunjika. Uvimbe ukiwa karibu na njia kuu za hewa, hatari huongezeka. Tena mgonjwa mwenye nguvu za kutosha mara nyingi hushauriwa kwanza apasuliwe.

Basi ni halali kumdhuru mtu hivyo? Yapasa kutazama mambo manne. Kwanza, mganga hautaki uharibifu wa nyama nzima; hutaka kansa ife, na ule mwingine huuvumilia. Pili, nyama nzima kuungua siyo njia ya kuponya. Kama ingewezekana kuikwepa yote, angeikwepa, na ndiyo sababu ya kutafuta shabaha. Tatu, jema linalotazamiwa lapita madhara. Nne, mgonjwa amekwisha kuelezwa, naye amekubali. Juu ya jambo hili la nne Papa Pio wa Kumi na Mbili alifundisha mwaka 1952 kwamba mganga hana juu ya mgonjwa haki yo yote ila ile aliyopewa na mgonjwa mwenyewe. Yakikosekana hayo, mionzi iingiayo kifuani si dawa tena, hata kama mashine ni ile ile.

Linganisha sasa na mji wa Hiroshima. Huko moto haukutafuta mmoja kati ya wengi. Wengi wenyewe walifanywa shabaha, wala hapana aliyeombwa ruhusa. Nguvu ni ndugu moja, matendo ni mbingu na ardhi.

SWALI LA TATU: JE, MGONJWA HULAZIMIKA KUITAFUTA?

Wawekwe mbele ya macho, kwa mfano tu, mzee mmoja na mpwa wake, katika kijiji cha njia ya Likasi. Katika ujana wake mzee alichimba kobalti kwa mikono huko Shinkolobwe, kabla serikali haijayafunga machimbo mwaka 2004. Tena alivuta sigara tangu ujana. Sasa amekohoa miezi mitatu. Huko Lubumbashi ameambiwa kwamba kifuani mwake umo uvimbe mdogo, kwamba moyo wake hauwezi kuvumilia kupasuliwa, na kwamba mionzi ya shabaha yapatikana katika mji wa mbali, kwa fedha nyingi.

"Mjomba," asema mpwa, "shamba la bondeni likiuzwa litatosha nauli na malipo. Kubali, twende."

"Mwanangu," ajibu mzee, "jiwe lile lilikula kifua changu. Sasa niuze shamba ili nilipie moto wake uingie mara ya pili?"

"Jiwe halikukuita, mjomba. Njaa ndiyo iliyokupeleka, na tumbaku ulijinunulia. Na huo si moto wa jiwe lile; ni moto wenye mlinzi."

Mzee akaa kimya, kisha asema: "Neno lako ni la kweli. Basi hasira naiacha. Lakini niambie: shamba likienda, watoto wako watakula nini?"

Hapo mpwa hakuwa na jibu la upesi.

Katika mazungumzo hayo mna sababu mbili za kukataa, nazo hazilingani. Sababu ya kwanza, hasira juu ya jiwe, si sababu ya haki. Hapana daktari awezaye kusema kwa hakika kama uvimbe ule ulitoka kwa jiwe au kwa tumbaku. Na hata kama ungetoka kwa jiwe, dawa haipimwi kwa ukoo wake, bali kwa kazi yake. Uhai si mali ya kutupwa kwa kisasi.

Sababu ya pili ni nzito. Mwaka 1957 Papa huyo huyo, akiwajibu waganga, alieleza kwamba mtu hulazimika kutumia njia za kawaida tu za kulinda uhai, zile zisizoleta mzigo mzito kupita kiasi juu yake wala juu ya wengine. Basi mzee aweza kwenda, na ni vema. Bali kama kwenda huko kutawaacha watoto na njaa, aweza kubaki bila kosa. Hakujiua; ameupokea mpaka wa uwezo wa mwanadamu. Tena mpwa hana ruhusa ya kumlazimisha, wala jamaa hawana ruhusa ya kumficha habari ili wasitoe fedha. Mzee mwenyewe ndiye wa kuamua, akiwa amejua yote.

Lakini jambo haliishi hapo. Asiyelazimika ni mgonjwa. Wako wengine wanaolazimika. Katanga ilitoa radiamu kwa hospitali za dunia. Je, ni haki mtu wa Katanga akose tiba ile kwa sababu ya nauli? Lusaka, ng'ambo ya mpaka, hospitali ya kansa ilifunguliwa mwaka 2007. Uganda mwaka 2016 mashine moja tu ya mionzi ya nchi nzima iliharibika, na wagonjwa wakabaki wakingoja mpaka nyingine ilipowekwa. Mwaka 2022, mjini Addis Ababa, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilianzisha mpango wa kuzisaidia nchi zilizokosa mashine hizo, na zaidi ya nchi 20 za Afrika zilikuwa hazina hata moja. Mashine za shabaha kali ni haba zaidi bado.

Shabaha iwezayo kuupata uvimbe mdogo kama punje ya karanga, na isiweze kukipata kijiji, bado ni shabaha ya nusu. Wenye kutawala nchi, wenye kuuza madini na wenye elimu ndio wadaiwa wa mzee yule.

NENO LA MWISHO

Wanakijiji nao wana sehemu yao, nayo haihitaji fedha nyingi. Mionzi ya shabaha hufaa uvimbe ukiwa bado mdogo. Kansa ikiisha kuenea, njia zile zimekosa mahali pa kukutana. Kwa hiyo mtu akohoaye zaidi ya majuma mawili au matatu, au atemaye damu, au akondaye bila sababu, asingoje mavuno. Aende hospitali. Pengine ni kifua kikuu, nacho kina dawa yake. Na kama ametibiwa kifua kikuu bila kupona, arudi aulize tena. Kijana asianze tumbaku. Mwenye nyumba aufungulie moshi wa jiko njia ya kutokea, kwa kuwa moshi wa kila siku nao hudhuru mapafu. Mchimbaji asiingie katika mashimo yaliyofungwa.

Hivyo yarudi maswali manne ya mwanzo. Moto wa Shinkolobwe, kama moto wa jikoni, hauulizwi jina lake. Huulizwa aliyeuwasha, na nia yake, na kiasi chake, na ulinzi wake. Na baada ya hayo yote mtu huulizwa neno la tano, nalo ndilo gumu: joto lake limewafikia akina nani?

Maswali ya kujadiliana pamoja na katekista:

1. Kwa nini si haki kulilaani jiwe kwa kosa la mtu? Taja vitu viwili vya kijijini viwezavyo kuua na kuponya.

2. Mambo gani manne hutazamwa kabla ya kumtia mtu dawa yenye madhara?

3. Kama wewe ungekuwa mpwa wa mzee yule, ungemjibu nini juu ya shamba? Na jirani zenu wangepaswa kufanya nini?